Usiseme "Niko Sawa": Abiria wa Teksi ya Mtandao Baada ya Ajali

Tuligongwa kwa nyuma Ngong Road, Ijumaa jioni, katika ile mvua ya Nairobi isiyoamua kama inaacha au inaendelea. Nilikuwa kiti cha nyuma, mkanda sijafunga, macho kwenye simu. Kishindo, kisha kioo cha nyuma kikanimwagikia mabegani kama chumvi ya mawe, kisha honi za walio nyuma yetu ambao hawakuwa na habari nasi. Dereva aligeuka. "Boss, uko sawa?" Nikamjibu, "Niko sawa." Baada ya nusu saa hivi polisi wa trafiki akaniuliza swali lile lile, nikampa jibu lile lile. Tofauti ni kwamba yeye aliliandika.

Jumapili asubuhi shingo ilikataa kugeuka. Jumatatu nilikuwa navaa shati kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji.

Tumelelewa hivyo. Mtu ana malaria, anaulizwa "hujambo?", anajibu "sijambo", na ni baada ya habari za nyumbani na za watoto ndipo anaongeza, "ila mwili kidogo tu." Ni adabu, na sina ugomvi nayo. Lakini katika kitabu cha matukio cha polisi, kile kinachoitwa OB na kila mtu, hakuna safu ya "ila kidogo tu". Kuna aliyeumia na asiyeumia. Mimi niliandikwa asiyeumia, kwa kinywa changu mwenyewe.

Naanza na kosa hilo kwa sababu ndilo kosa la abiria wengi. Katika ajali ya teksi ya mtandao, abiria ndiye asiye na lawama kuliko wote: hakushika usukani, hakukanyaga breki, mara nyingi hata njia hakuichagua yeye, imechaguliwa na ramani ya simu. Lakini ndiye pia asiye na karatasi. Dereva ana leseni na akaunti. Mwenye gari ana logibuku, hati ya usajili wa gari. Kampuni ya apu ina masharti chungu nzima ambayo uliyakubali kwa kubofya mara moja. Bima ina mkataba. Wewe una simu na shingo. Kila utakachofanya kuanzia dakika ile ni kujitafutia karatasi zinazosema mambo mawili: kwamba ulikuwa ndani ya gari lile, na kwamba uliumia ukiwa ndani yake.

Watu wengi nyuma ya usukani mmoja

Matatu ikianguka, angalau jina la sacco limeandikwa ubavuni na kila mtu anajua imebeba abiria wa kulipa. Teksi ya mtandao ni Vitz au Demio kama ya jirani yako. Aliye kwenye usukani mara nyingi si mwenye gari. Amelikodi, na kila wiki anampelekea mwenyewe kiasi walichokubaliana. Mwenyewe huenda yuko Kitengela, au yuko Doha kazini, na hajui kama gari lake limeamkia Westlands ama Embakasi. Wakati mwingine hata akaunti si ya dereva: picha kwenye simu ni ya mtu mwingine, na namba ya gari lililokuja siyo ile uliyotumiwa. Tumezoea kupanda tu kwa kuwa tumechelewa. Ukipata ajali, namba ya kuandika ni ile iliyo kwenye bamba, hata kama simu inasema vingine. Tena uziweke zote mbili, kwa sababu tofauti hiyo itakuja kuulizwa.

Kisheria, mwenye gari ndiye wa kwanza kutafutwa baada ya dereva. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo, na anayeendesha gari kwa niaba ya mwenyewe humtwisha mwenyewe mzigo wa makosa yake. Ndiyo sababu wakili yeyote atataka nakala ya rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kuandika barua ya kwanza. Hupatikana kwa kulipia kidogo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na inakuonyesha jina ambalo dereva hatakutajia.

Na kampuni ya apu? Yenyewe husema haisafirishi mtu. Inawakutanisha tu mwenye gari na mwenye safari, kama mwenye kibanda anayeelekeza wageni. Mahakama za Ulaya zimeikataa hoja hiyo kwa namna mbalimbali. Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema Uber inatoa huduma ya usafiri, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema madereva wa Uber waliofika mbele yake walikuwa wafanyakazi, si wafanyabiashara wa kujitegemea. Kesi hizo hazikuwa za abiria aliyevunjika mguu, wala hazilazimishi hakimu wa mahakama ya Milimani, hapa Nairobi. Kwetu, kanuni za mwaka wa 2022 ziliziweka kampuni hizi chini ya leseni ya NTSA na kuziwekea kikomo cha asilimia 18 katika kile wanachomkata dereva. Maoni yangu ni haya: kampuni itajwe kwenye barua ya madai, ijue kilichotokea, itoe rekodi za safari. Lakini usiifanye nguzo pekee ya dai lako. Pesa za fidia, zikipatikana, kwa kawaida hutoka kwa bima ya gari.

Stika ya bima na lile neno "kwa malipo"

Fundo lenyewe liko hapa, kwa hiyo tulifungue polepole.

Kenya kila gari barabarani lazima liwe na bima ya mhusika wa tatu, chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405. Wengi wanadhani maana yake ni kwamba yeyote anayeumizwa na gari hilo, ndani au nje, analipwa. Sivyo. Anayevuka barabara akagongwa, ndiyo. Abiria aliye ndani ni habari nyingine: sheria inalazimisha bima hiyo imfunike abiria pale tu gari linapobeba watu kwa malipo, au linapowabeba kwa sababu ya mkataba wao wa kazi. Binamu yako akikupa lifti kwenda mazishini na gari likapinduka, bima yake ya lazima haikuwajibikii. Ukiwa umelipa nauli, sheria inakutambua, na inakutambua hata ukiwa unapanda au unashuka, mguu mmoja ndani na mwingine kwenye lami.

Sasa, gari la teksi ya mtandao linapaswa kuwa na bima ya gari la abiria, yaani PSV. Bima hiyo ni ghali kuliko ya gari la kibinafsi, na wapo wenye magari wanaoamua kukata ile ya kibinafsi na kumwomba Mungu. Wengine hukata ya mwezi mmoja mmoja, halafu mwezi ukawa mgumu. Ndiyo maana picha moja muhimu kuliko ya bonde lililoingia mlangoni ni picha ya stika kwenye kioo cha mbele: jina la kampuni ya bima, namba ya cheti, aina ya bima, na siku inayokwisha. Sogea karibu, herufi zisomeke. Ukingoja kesho, gari litakuwa uwanjani kituo cha polisi au gereji, na kioo huenda hakipo.

Tuseme umekuta stika ni ya gari la kibinafsi. Bima itasema haikujua gari hili linabeba abiria. Usikate tamaa hapo. Mwenye gari na dereva bado wanadaiwa wao wenyewe. Kukosa bima halali hakuwafutii deni. Na bima inayotaka kujitoa kwa madai kwamba mteja wake aliuficha ukweli alipokata bima haijitoi kwa barua tu. Sura ya 405 inaitaka iende mahakamani kuomba tamko, kabla ya kesi yako au ndani ya miezi mitatu tangu uifungue. Wapo wanaotishwa na barua yenye nembo na maneno mazito, wakaacha dai ambalo bima haikuwahi kulipinga mbele ya hakimu yeyote.

Kuna kikomo cha kukifahamu mapema. Sheria haiilazimishi bima hiyo kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Hakimu akikupa zaidi ya hapo, inayobaki unamdai mwenye gari na dereva, na unajua mwenyewe dereva ana nini.

"Futa kwa apu, boss"

Unaifahamu hii. Dereva anapiga simu kabla hajafika: unaenda wapi, unalipa pesa taslimu ama M-Pesa? Akifika anasema, "Futa tu kwa apu, boss, utanipa mia nne mkononi." Wewe unaokoa hamsini, yeye anaokoa mkato wa kampuni, kila mtu anafurahi mpaka Museum Hill.

Ajali ikitokea, sheria haikutupi: kilichokufanya abiria wa kulipa ni nauli uliyolipa au uliyokubaliana kulipa, si apu. Lakini ushahidi umeufuta kwa kidole chako. Kampuni ya apu itasema safari ilighairiwa saa 12:41 na haina habari zaidi, na itakuwa inasema kweli. Dereva, akishauriwa na mwenye gari, anaweza kudai wewe ni rafiki yake aliyekuwa anakupa lifti, nawe umeshaona lifti inakupeleka wapi kisheria. Kama ulikuwa katika safari ya namna hiyo, kinachokuokoa ni mabaki: simu aliyokupigia, eneo ulilomtumia kwa WhatsApp, na hasa ujumbe wa M-Pesa wenye jina lake, saa na kiasi. Kama hamjalipana, mlipe kwa M-Pesa papo hapo, hata kama hasira zimekupanda na hamkufika mlikokuwa mnaenda. Ni nauli ya shilingi mia kadhaa inayonunua ushahidi.

Kwa safari iliyo ndani ya apu, piga picha ya skrini mara moja: njia, jina la dereva, namba ya gari, saa ya kuanza. Baadaye apu zina tabia ya kukuonyesha muhtasari tu.

Pale barabarani

Kwanza toka mahali pa hatari. Kwenye Thika Road au Expressway, anayekuja nyuma yuko kasi na hajui mmesimama. Shuka upande usio na magari, vuka uzio, simama mbali. Aliyeumia shingo, mgongo au kichwa asivutwevutwe na wasamaria wenye haraka ya kumtia kwenye pikapu, isipokuwa gari linawaka moto au hatari nyingine iko juu yake. Polisi ni 999 au 112. Msalaba Mwekundu wana ambulensi kwa 1199.

Halafu picha. Bamba za magari yote, stika zote za bima, magari yalivyosimama kabla hayajasogezwa, alama za matairi, sura ya barabara, leseni ya dereva ikiwezekana. Ukimaliza, usiitie simu mfukoni na kujiona umemaliza. Penye ajali hukusanyika watu wema na wezi kwa pamoja, na simu iliyojaa ushahidi huibwa kama simu nyingine yoyote. Mtumie ndugu au rafiki picha zote papo hapo.

Chukua namba ya shahidi mmoja ambaye hakuwa ndani ya gari lolote. Muuza mahindi choma wa kituoni ana thamani kuliko abiria mwenzako, kwa sababu hana anachodai.

Utasikia madereva wawili wakivutana kando, sauti zikishuka. "Tumalizane hapa hapa, hakuna haja ya kuita polisi." Wao wanamalizana kuhusu bampa. Wewe si bampa. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake kwa mwenye sababu ya kuziuliza, na ajali yenye majeruhi iripotiwe polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Wakiondoka bila kuripoti, nenda karipoti mwenyewe, katika kituo kinachosimamia kipande kile cha barabara. Hapo usipuuze: ukiripoti kituo cha karibu na kwenu, utazungushwa wiki mbili ukiambiwa faili haipo hapa, afande anayehusika yuko kwingine.

Na ukiulizwa kama uko sawa, jibu ambalo nimejifunza kwa gharama ni: "Sijui bado. Sijapimwa."

Kuhusu mkanda, kwa kuwa nimekiri sikuufunga. Sheria inamtaka abiria aufunge ulipo, na bima itauliza. Kutoufunga hakukunyimi fidia, lakini hakimu anaweza kukupunguzia kwa kadiri mkanda ungekukinga. Usidanganye, majeraha ya aliyefunga na ya asiyefunga hayafanani, na daktari anajua.

Kutoka hospitali hadi kituoni

Nenda ukapimwe siku ile ile. Mwili ulioshtuka hufunika maumivu, na shingo iliyorushwa mbele na nyuma hukaza baada ya siku moja au mbili. Kichwa kinachouma na kuzidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, ganzi mikononi au miguuni: hayo si ya kungoja asubuhi. Katiba, ibara ya 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wakikuomba amana kwanza, itaje.

Mbele ya daktari au afisa wa kliniki, sema wazi: ajali ya barabarani, nilikuwa abiria, gari namba fulani. Kisha taja kila panapouma, hata goti linalouma kidogo ukaona aibu kulitaja. Yale maandishi ya siku ya kwanza ndiyo yatakayolinganishwa na dai lako mwaka mmoja baadaye. Goti lisilokuwamo siku ya kwanza likitokea kwenye ripoti ya mwezi wa sita, wakili wa bima atatabasamu.

Risiti zitunze zote. Hakimu anaweza kukadiria maumivu, lakini pesa ulizotumia hakadirii. Zile lazima zitajwe kwenye madai na kuthibitishwa kwa karatasi. Dawa za duka la pembeni, eksirei, kola ya shingo, teksi ya kwenda kunyooshwa viungo, siku ulizokosa kibarua: bila risiti au barua ya mwajiri ni hadithi tu. Zile za karatasi laini hufifia, kwa hiyo zipige picha zingali zinasomeka.

Kwa polisi unatafuta vitu vitatu. Namba ya OB, inayoonyesha tukio liliandikwa lini na saa ngapi. Fomu ya P3, ambayo polisi wanakupa, daktari anajaza ukubwa wa majeraha, na unairudisha. Na abstrakti, ile karatasi ya muhtasari wa ajali: mahali, tarehe, magari, wenye magari, kampuni za bima na namba za vyeti, waliojeruhiwa, na hatua ya uchunguzi. Abstrakti isome ukiwa bado mbele ya dawati, kabla hujasema asante. Je, jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Je, umewekwa kama abiria, na wa gari lipi? Nimeona abstrakti ambayo abiria wa kiti cha nyuma alihamishiwa gari la pili, na nyingine iliyomfanya mtembea kwa miguu. Herufi moja iliyokosewa hurekebishwa kwa dakika tano siku ile. Baada ya mwaka, afande aliyeiandika akiwa amehamishiwa Lodwar, ni safari.

Mimi nilirudi kituoni Jumanne, shingo ikiwa ndani ya kola. Afande wa dawati alifungua OB, akapeleka kidole kwenye mistari ya Ijumaa, akasoma kwa sauti: abiria mmoja, hakuna majeraha. Akanitazama mimi, akatazama kola. "Si ulisema uko sawa?" Hakuwa na ubaya. Aliandika taarifa mpya kwa tarehe ya siku ile, yenye namba yake, ikirejelea ile ya kwanza, nami nikamkabidhi nakala ya maandishi ya hospitali. Yaani inawezekana kurekebisha. Ila tangu siku ile kila aliyeishika faili yangu aliuliza kuhusu zile siku nne za katikati.

Ripoti pia ndani ya apu, kwa maandishi, palepale kwenye safari yenyewe. Andika mafupi: tarehe, mahali, gari, umeumia, umeripoti polisi kwa namba hii ya OB. Usiandike ni kosa la nani. Na kama kampuni inasitasita kukupa kumbukumbu za safari yako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako binafsi wanazozihifadhi, na kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kulalamikia.

Mabroka, mawakili na ile karatasi ya kusaini

Ukiwa bado wodini, atakuja mtu mwenye bahasha ya kaki. Atajua jina lako na namba ya gari. Atasema anatoka kwa wakili fulani, ana haraka ya kukusaidia, saini hapa. Hawa mabroka wa ajali hujipatia habari katika vituo na hospitali, na sheria inakataza mawakili kutafutiwa wateja namna hiyo. Unayo nafasi ya kupona kwanza, kisha ukachague wakili mwenyewe. Chama cha mawakili, LSK, kina orodha mtandaoni ya walio na kibali cha mwaka. Muulize ada yake na uiweke kwenye maandishi. Ile ahadi ya "tukishinda ndipo unilipe" inavutia, lakini Sheria ya Mawakili haiitambui.

Mwingine atakayekuja ni mjumbe wa mwenye gari au wa bima, mpole, na elfu ishirini mkononi za "kukusaidia na dawa". Pesa si mbaya. Soma karatasi inayoambatana nazo. Kama inasema umepokea malipo kamili na ya mwisho, hayo si ya dawa. Ni bei ya dai lako lote, na mfupa ukigoma kuunga baadaye, hilo ni lako. Usisaini kabla daktari hajakuambia majeraha yameishia wapi.

Kesi mbili huchanganywa sana. Kesi ya trafiki ni ya serikali dhidi ya dereva, na faini anayotozwa haiji kwako. Wewe ni shahidi tu. Ya madai ndiyo yako, na huhitaji kungoja ile ya kwanza iishe, ingawa dereva akihukumiwa na rufaa ikaisha, hukumu hiyo ni ushahidi mzito. Kama magari mawili yaligongana, huna haja ya kuamua nani mkosaji. Washtaki wote wawili na wenye magari yao. Waliokuwa na usukani ndio wavutane kuhusu asilimia. Muda wa kufungua kesi ya majeraha ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Inaonekana mingi mpaka uhesabu miezi ya kutafuta abstrakti. Na bima lazima ipewe taarifa ya kesi, kabla haijafunguliwa au punde baada ya kufunguliwa. Wakili akisahau notisi hiyo, unaweza kushinda kesi na bima isidaiwe chochote.

Unaweza pia kushinda kila kitu na ukakuta bima yenyewe imekufa. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2005, Standard Assurance 2009, Blue Shield 2011, na matatu nyingi zilikuwa zimekatiwa bima huko. Kuna Hazina ya Fidia ya Wenye Bima, inayolipa mpaka shilingi 250,000 kwa dai pale kampuni inapoanguka. Aliyevunjika nyonga ataona ni kidogo.

Kwa msomaji aliye Tanzania, majina yanabadilika, mwendo ni ule ule. Fomu yenu ni PF3, na kwa mazoea huchukuliwa polisi mapema, kwa kuwa hospitali huiulizia. Uhalali wa stika ya bima unahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu yako, na usafiri wa mtandao uko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

Yangu iliisha bila mahakama. Bima ya pikapu iliyotugonga ililipa risiti na kiasi kidogo juu yake, baada ya miezi minane na barua sita, baada ya kunipeleka kwa daktari wao aliyeisoma OB kwa makini kuliko alivyoitazama shingo. Mwenye gari nililopanda sikuwahi kumwona. Kampuni ya apu ilijibu ripoti yangu siku ya tatu: ilisikitika, ilinirudishia nauli, shilingi 380, na chini yake kulikuwa na nyota tano tupu zikiningoja niseme safari ilikuwaje.